Katekista wa Kisima cha Sola

Kabla hajaitikia salamu yako, Katekista alitazama kwanza nyuma yako. Ungesema "Shikamoo, Katekista," na macho yake yangepita juu ya bega lako mpaka kwenye kona ya njia, yakakaa pale kidogo kuona kama kuna mwingine anakuja. Ndipo yangekurudia wewe, naye angesema, "Marahaba mama, karibu sana," kwa upole na tabasamu la kweli. Wageni walidhani anawadharau. Sisi majirani tulikuwa tumezoea. Mume wangu, Baba Devota, alipokwenda kwake alikuwa anajitangaza akiwa bado mbali: "Katekista, niko peke yangu!"

Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, sitaanzia huko. Yeye mwenyewe hakupenda kuulizwa, na kwetu Mbuba, wilayani Ngara, watu walikuwa na adabu ya kutomuuliza. Tulijua tu kwamba alikuja akiwa kijana, na wale wa kwanza waliovuka kutoka Burundi, zamani, kabla ya hawa waliojaza kambi. Alilimia watu, akalala kwenye vibanda vya watu. Baadaye marehemu baba mkwe wangu akampa kipande cha ardhi kinachopakana na chetu, chini ya kilima, kwa kuwa alimwona ni mtu wa kazi na wa sala. Akaoa msichana wa Kanazi, Mhangaza kama sisi. Akawa katekista wa kigango chetu. Padri alikuja mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine zote alituongoza yeye. Mimi nilipoolewa pale nilimkuta tayari mtu wa makamo, shati jeupe, kifungo cha shingoni kimefungwa hata jua likiwaka.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza kwake kilikuwa Kiswahili. Kwetu Kiswahili ni lugha ya shule, soko na ofisi. Nyumbani tunasema Kihangaza, na tukiingia kwenye Kiswahili, L na R hutupiga chenga. Anayesema "rakini" na anayesema "kalibu" wote ni watoto wa kwetu. Katekista hakukosea hata siku moja. Alikuwa na redio ya betri aliyoitundika kwenye msumari ukutani, na taarifa ya habari ilipoanza aliwanyamazisha wote nyumbani, akakaa karibu nayo akichezesha midomo bila kutoa sauti, akimfuata mtangazaji neno kwa neno.

"Anajifunza kuwa Mtanzania," mkewe aliniambia siku moja tukichambua maharage. Akacheka, lakini kicheko chenyewe kilikatika upesi.

Nyumba yake ilikuwa ya matofali mazuri, lakini mabati hakuyapigilia misumari. Aliyawekea mawe juu. Upepo wa kiangazi ulipovuma mabati yalilia, na watoto wake walijua kila mmoja wapi pa kukimbilia. Tulipomuuliza alisema misumari inatoboa bati na bati lililotobolewa haliuziki. Shambani kwake vilevile: maharage, viazi vitamu, mboga, vitu vya kuvuna upesi. Hakuwa na mgomba wake hata mmoja, wala mti wa kahawa.

"Katekista, kahawa miaka mitatu tu unavuna," Baba Devota alimwambia.

"Miaka mitatu ni mingi, ndugu yangu," alijibu, akaendelea kupalilia.

Alikuwa na misemo yake. "Shukuru, kisha angalia nyuma" ndio uliojulikana zaidi, hata vijana waliutumia kilabuni wakinywa rubisi, wakitazama nyuma kwa kumwigiza. Mwingine ulikuwa wa darasa la mafundisho ya dini. Watoto waliposema uongo hakuwachapa. Aliwaambia, "Uongo ni nyumba isiyo na mlango wa nyuma. Ukiingia, umeingia." Binti yangu Devota aliwahi kumdanganya kwamba alikosa mafundisho kwa sababu aliumwa, kumbe alikuwa kwenye miwa ya watu. Katekista alipojua ukweli alikuja nyumbani, akakaa. "Mama Devota," alisema, "mtoto huyu ana sura ya kweli anaposema uongo. Naomba tumsaidie mapema." Nilitaka kucheka. Nilipomtazama nikaacha.

Baadaye nilifikiri sana juu ya jambo hilo, maana tulijua wote kwamba na yeye anakaa juu ya kitu asichokisema. Lakini nikipekua kumbukumbu zangu, sikumbuki hata mara moja aliposema amezaliwa kwetu. Alinyamaza tu, na sisi tukamsaidia kunyamaza.

Halafu ikaja miaka ya kambi. Watu walivuka mpaka kwa wingi ambao sitaki kuueleza tena, na vilima vyetu vilivyokuwa na miti vikabaki na visiki, kisha hata visiki vikang'olewa kwa kuni. Chemchemi tuliyochotea ikawa tope. Ndizi zikapanda bei, mbuzi wakaibwa, na wakati huohuo soko la kambi likanunua kila tulichokibeba. Tulikuwa tunalalamika na kuuza. Shirika moja likasema vijiji vilivyoumia vitapewa maji ya kumwagilia mashamba: kisima kirefu cha kuchimbwa kwa mtambo, na pampu ya kuendeshwa na jua.

Wataalamu walitembea na vyombo vyao kijiji kizima. Maji yalipoonekana, yalionekana kwenye pembe ya shamba la Katekista.

Nilikuwepo walipomwambia. Uso wake ulikauka kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Akaomba muda wa kufikiri. Siku zilizofuata nilimwona akiizunguka ile pembe, anasimama, anaondoka, anarudi. Mkewe alisema chakula hakipiti. Kijiji kikaanza kunung'unika kwamba Katekista ni mchoyo. Mimi nilielewa kidogo. Kisima kingeleta magari. Magari yangeleta watu wenye kalamu. Na watu wenye kalamu huuliza mwenye shamba ni nani.

Alikubali. Nilimuuliza kilichombadilisha. Akatazama nyuma yangu, kisha akasema, "Nimekunywa maji ya hapa miaka yote hii, mama, bila kuchangia hata tone."

Mtambo ulikuja ukanguruma hadi mifupa ikatetemeka. Yalitoka kwanza matope ya kijivu, yakarukia watu, kisha maji yakaanza kusafika, kisha yakawa maji kweli. Wanawake walipiga vigelegele. Katikati ya kelele zile nilimsikia Katekista, aliyekuwa kando yangu, akisema kwa nguvu, "Mana yanje!" Ndivyo Warundi wanavyomwita Mungu wao jambo linapowazidi. Papo hapo akajiziba mdomo kwa kiganja na kugeuka. Hapakuwa na mtu nyuma yake, ila mbuzi.

Tulimchagua mwenyekiti wa kamati ya maji, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na wasiwasi wa kutosha kwa kazi ile isipokuwa yeye. Paneli zilisimama juu ya vyuma ndani ya uzio wa waya, tanki likakaa juu ya mnara, na mabomba yakateremka hadi mashambani, kila kaya na koki yake na zamu yake. Jua likipanda, pampu iliamka. Wingu likipita, maji yalipungua kwenye bomba mbele ya macho yako, kama mtu anayepunguza sauti.

Basi Katekista akawa mtu wa mawingu. Jumapili moja alikuwa anasoma somo, mwanga wa dirishani ukafifia, naye akainua kichwa kutazama nje. Alipokishusha, mstari ulikuwa umempotea. Alisoma tena sentensi ileile, akanyamaza, akatazama nje tena, na kigango kizima kikaangua kicheko, hata wazee. Kila asubuhi alifuta vumbi kwenye paneli kwa kitambaa kibichi, taratibu, kama anamwosha mtoto mwenye surua. Aliwaogopa watoto wenye mawe, akaogopa radi, akaogopa wezi. Alisikia kwamba upande wa Nyamahanga paneli za watu ziling'olewa mchana kweupe, akatafuta mbwa wa kufunga pale kwenye uzio. Mbwa mwenyewe alimkaribisha kila mtu kwa kutikisa mkia. Katekista akaanza kumwogopea na mbwa.

Wakimbizi walikuja kutoka kambini kutulimia vitunguu, tukawalipa kwa chakula. Sheria ya kamati ilisema maji ni ya mashamba tu. Lakini saa za kuondoka walipanga madumu yao kwenye uzio, na mwenyekiti wetu, yule aliyekemea mtu kwa kuacha koki ikivuja, aliyajaza yote. Walimsalimu kwa Kirundi. Aliwajibu kwa Kiswahili cha redio. Palikuwa na bibi mmoja wa kambini, mcheshi, asiye na meno ya mbele. Alimtazama siku moja akamwambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Mwanangu, hata ukivaa ngozi ya kondoo, mbuzi nitamjua kwa mlio." Katekista alilibeba mwenyewe dumu la yule bibi hadi barabarani, akiwa ameinamisha kichwa.

Sasa nieleze safari ya Biharamulo, maana ndiyo iliyonifanya nimheshimu kuliko mahubiri yake yote.

Pampu ilisimama katikati ya kiangazi, vitunguu vikiwa vinaanza kujaa. Jua lilikuwa kali na maji hayakuja; jambo hilo lilitutisha kuliko wingu lolote. Fundi aliyeifahamu alikuwa Biharamulo. Wakati ule njia ya msituni ilikuwa na majambazi, magari yalikwenda kwa msafara na askari wenye bunduki, na njiani palikuwa na vizuizi vya kukagua watu. Kikao kiliuliza nani ataenda. Wanaume wakatazama vidole vya miguu. Katekista akasema, "Nitakwenda mimi. Pampu iko kwangu." Tulidhani hatukusikia vizuri. Baba Devota akaona aibu, akasema atamsindikiza.

Haya ni ya Baba Devota, mimi nayasimulia tu. Kwenye kizuizi askari aliingia ndani ya gari, akamfikia Katekista.

"Mzee, unatoka wapi?"

"Ninatoka Mbuba, wilayani Ngara, afande. Ninaelekea Biharamulo kumtafuta fundi wa pampu ya maji."

Askari akasimama. "Wewe ni mwalimu?"

"Hapana, afande."

"Mtangazaji wa redio?"

Abiria wakacheka. Katekista hakucheka.

"Nimekaa huku miaka," askari akasema, "sijasikia mtu wa Ngara anaongea hivi. Na wewe?" Akamgeukia Baba Devota.

"Mimi pia wa Mbuba, afande. Tunamfuata fundi, maji yamekwama, vitunguu vinakauka, rakini tukimpata reo..."

"Umesikia, mzee? Huyu ndiye wa Ngara." Askari akamtazama Katekista tena, kwa muda ambao Baba Devota alisema ulitosha kuchemsha chai. Kisha akashuka. Gari lilipoondoka, Baba Devota alitaka kumtania mwenzake, akaona shati jeupe limelowa mgongo mzima na midomo inatembea bila sauti. Safari hii haikuwa taarifa ya habari. Alikuwa anasali.

Fundi alikuja, akabadilisha kitu ndani ya kiboksi cha umeme, na vitunguu vikapona. Lakini tangu safari ile Katekista alianza kujaribu kukosea. Alisema "rakini" mahali pasipo pake, akasema "barabala," akasema "Roho Mtakatifu" kwa namna ambayo wanakwaya waliinamisha vichwa wasicheke. Alikuwa kama mtu mwenye miguu mizima anayejifunza kuchechemea. Mama mkwe wangu, aliyempenda na kumgombeza kama mwanawe, alimwambia baada ya ibada, "Wacha! Unatuumiza masikio. Ongea vizuri kama urivyozoea." Akaacha.

Tangazo lilikuja mwaka uliofuata. Wageni wote wanaoishi vijijini bila kibali waende kambini. Kwanza lilikuwa la redio, na redio ni mbali. Kisha likabandikwa kwenye mti mbele ya ofisi ya kijiji. Kisha tukaanza kusikia lori limefika kijiji fulani, limefika kingine. Katika siku hizo Katekista hakukosa kufuta paneli hata asubuhi moja, ila alifuta akiwa ameielekeza shingo barabarani. Mkewe alikunja nguo, akazikunjua, akazikunja tena. Mimi mwenyewe nilikuwa nikisikia gari mbali nasimamisha jembe hewani.

Mkutano uliitishwa uwanja wa shule. Alikuwepo mtendaji wetu wa kijiji, ofisa mmoja kutoka wilayani, kijana mwenye miwani, na askari wawili. Lori lilisimama chini ya jua, mlango wa nyuma umeshushwa tayari. Utaratibu ulikuwa rahisi: mtu akitajwa anasimama, wanaomfahamu wanamshuhudia, ofisa anaamua. Jina la Katekista lilitajwa na mtu ambaye bomba lilimfikia mwisho na maji yalimfikia machache. Simtaji. Mpaka leo tunapeana salamu.

Katekista akasimama, kofia mkononi.

Baba Devota aliinuka bila kuitwa. "Huyu ni jirani yangu. Ni katekista wetu. Kisima kiko kwake."

"Sikuulizi ujirani," ofisa akasema. "Amezaliwa hapa?"

"Ndiyo," mume wangu akasema. "Arizaliwa hapa."

Wakainuka wengine. Mzee wa kanisa akasema anamjua tangu mtoto. Mwanamke mmoja akasema wamecheza pamoja. Halafu mama mkwe wangu, aliyekuwa amekaa chini na fimbo yake, akaomba ainuliwe.

"Mimi nirimpokea mwenyewe," alisema, akainyoosha mikono mbele ili ofisa aione. "Mama yake arikuwa anapiga kereke pare nyuma ya nyumba yangu. Kwa mikono hii."

Ofisa akavua miwani. "Bibi, wewe na huyu mzee mmepishana miaka mingapi?"

"Ya kutosha," akajibu.

Watu wakacheka, hata askari mmoja akacheka, na nikaona ofisa naye midomo inamcheza. Akavaa miwani, akamtazama mtendaji, mtendaji akainamisha kichwa kukubali. Akashika kalamu. Moyo wangu ulikuwa umeanza kushuka mahali pake. Nikamtazama mke wa Katekista, naye alikuwa amefumba macho.

"Mama, kaa," Katekista akasema.

Alisema kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili chake kilekile kilichonyooka. "Kaa, mama yangu. Mheshimiwa, naomba kusema. Watu hawa nimewafundisha mimi amri za Mungu. Watoto wao wako hapa wanasikia. Siwezi kusimama nikawatazama wakishuhudia uongo kwa faida yangu. Sikuzaliwa hapa. Nilivuka mpaka nikiwa kijana. Kila kilicho changu nilipewa na hawa."

Ofisa alishusha kalamu. Nitakumbuka alichosema, kwa kuwa alikisema kama mtu aliyeumizwa. "Mzee, mimi nilikuwa nimeshamaliza."

"Najua, mheshimiwa. Nisamehe."

Mama mkwe wangu akapiga fimbo chini. "Mjinga wewe!" akapaza sauti, na machozi yakimtoka. "Nimedanganya bure!"

Hakuna aliyecheka tena.

Aliomba kitu kimoja, aruhusiwe akafunge koki kabla ya kuondoka, kwa kuwa zamu ilikuwa imeachwa wazi. Ofisa akampa askari wa kumsindikiza, na mimi nikawafuata. Njia nzima alikuwa ananipa maagizo, haraka haraka, kama maji yanayoogopa kukatika: paneli zifutwe kabla jua halijawa kali, kitambaa kisiwe na mchanga, zamu ya juu isizidishwe, radi ikinguruma swichi ishushwe, mbwa apewe chakula jioni maana asubuhi hali. Tulipofika alifunga koki, akatoka nje ya uzio, akajaribu kufunga kufuli. Kufuli liligonga chuma mara kadhaa bila kuingia. Nikalichukua, nikalifunga, na ufunguo ukabaki mkononi mwangu. Askari alikuwa ametazama pembeni.

Mkewe tulimkuta keshapanda lori, na godoro na redio. Ofisa alikuwa anamweleza kwamba yeye hatakiwi kuondoka, yeye ni mwenyeji.

"Mimi ni wa Kanazi, ndiyo," alisema, akiipakata redio. "Na mume ni wangu. Ondoa gari."

Wanawe wote walikuwa wakubwa, wameoa na kuolewa kwingine, wakabaki. Shamba lake hatukumpa mtu. Tulilipalilia kwa zamu, kamati ikasimama imara juu ya jambo hilo, hata yule aliyemtaja hakuthubutu kuliomba. Mimi nikawa nafuta paneli. Sikuwahi kuwa mtu wa hofu, lakini ukipewa kitu kinachosimama kwa wingu moja, unabadilika.

Niliendelea kumwona. Kambi ilikuwa ng'ambo ya kilima, na nilipopeleka mboga kwenye soko la huko alinitafuta kati ya wauzaji. Alikuwa amekonda, na shati halikuwa jeupe tena. Swali lilikuwa moja. "Jana mlipata wingu?" Yeye na sisi tulikuwa chini ya mbingu moja, angeweza kuinua macho tu, lakini nilimjibu kila mara kama mtu aliyetoka nchi ya mbali: lilipita kidogo, mchana, maji yakarudi. Aliitikia kwa kichwa, akanishukuru, akarudi kwenye vibanda. Kisha kambi zikaanza kupunguzwa, watu wakapakiwa kurudi kwao. Soko moja nilikwenda sikumkuta. Niliwauliza majirani zake wa vibanda, wakasema amevushwa pamoja na mkewe. Miaka ikapita bila habari.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa Kabanga, karibu na mpaka, siku ya soko. Mimi nilikuwa nimemaliza kuuza, nimekaa kwenye benchi la muuza soda nikisubiri gari la kunirudisha. Mzee mwenye fimbo akasimama mbele yangu hadi nikainua kichwa.

"Mama Devota. Umenenepa."

Nilisimama nikamshika mikono yote miwili. Shikamoo ilitoka imechanganyika na kilio. Alikuwa amevuka kuja msibani Kanazi, dada wa mkewe alikuwa amefariki, na sasa walikuwa wanarudi. Mkewe alikuwa sokoni anatafuta dawa ya mguu. Tukakaa. Nikamwagizia soda. Sikio lake moja lilikuwa halisikii, ikabidi nihamie upande mwingine.

Nikampa habari. Pampu ile ya kwanza iliungua, tukarudi kwenye tope msimu mzima, tukagombana, halafu tukachangishana tukaweka nyingine. Paneli ni zilezile ila moja. Baba Devota ana shinikizo la damu. Mama mkwe tulimzika.

Alijifanyia ishara ya msalaba. "Mama yangu yule," akasema.

Naye akanipa za kwake, kidogo kidogo. Alikuta shamba la baba yake linalimwa na ndugu asiyemjua. Walikwenda kwa wazee, wakagawana. Ndugu huyo siku hizi ndiye anayemlimia, maana mgongo umekataa. Majirani wa huko si watu wabaya.

Nilikuwa na swali ambalo nilikuwa nimelibeba miaka yote. Nikaliuliza. "Katekista, siku ile uwanjani. Hukujuta?"

Alizungusha chupa ya soda mikononi. "Nilijuta sana," alisema. "Lori lilipoondoka tu nilijuta. Kambini nilijuta. Nilipovuka nikajuta zaidi. Kisha nikazeeka." Akanywa. "Lakini niliona mama mkwe wako hatalala vizuri na uongo ule."

"Alilala vizuri tu," nikamwambia. "Alikukasirikia wewe mpaka anakufa."

Alicheka mpaka akakohoa, nikampigapiga mgongo. Tukatazama watu wakipita na mizigo, pikipiki zikipiga honi, maofisa wa mpakani wakipita na kurudi na sare zao. Nikageuka kumwambia habari za Devota, kwamba sasa ni mwalimu. Nikakuta amesinzia. Kidevu kimemwangukia kifuani, fimbo imelala mapajani, mdomo uko wazi kidogo kama wa mtoto. Pale pale, katikati ya soko, mgongo kauelekeza barabarani.

Gari langu likaita. Nikaliashiria liende.

Muuza soda akaja na kreti mkononi. "Mama, mwamshe mzee wako. Benchi nina wateja wanaotaka kukaa."

"Niletee soda nyingine," nikasema.

"Hii hapa hujaimaliza."

"Niletee tu."

Aliguna, akaenda. Jua lilikuwa limezunguka, likaanza kumpiga Katekista usoni. Nikasogea kidogo kwenye benchi, kivuli changu kikamfikia, nikakaa hivyo bila kujigeuza mpaka mkewe alipotokea kati ya watu na dawa yake ya mguu.